Mwanamke Asiyeitika

Mimi nina mdomo, wala sifichi. Fika stendi ya Masumbwe uulize mgahawa wa Mama Akida, utaonyeshwa kwa kidole, na hutaondoka kabla hujaambiwa kwamba mwenyewe ni mkali na anapenda umbea. Ukali nakubali. Ukiwapikia wachimbaji miaka kumi na mmoja, watu wanaotoka mashimoni na njaa ya siku mbili na kila mmoja anataka sahani yake iwe ya kwanza, usipokuwa mkali watakula mpaka meza. Ila umbea nakataa. Umbea ni kusema mambo ya watu. Mimi napenda kuyajua tu.

Sasa huyu Apolonia, tunayemwita Mama Lusia, ndiye mtu wa kwanza kunishinda. Alikuja kuomba kazi miaka mitatu iliyopita, mama wa miaka arobaini na kitu, mrefu, Msukuma wa Kishapu, upande ule wa mbele ya Songwa. Mikono yake ilikuwa myepesi ajabu. Siku ya kwanza nikasema alhamdulillahi, nimepata mtu.

Siku ya pili nikamwita nikiwa mbele, "Mama Lusia! Lete sahani!" Kimya. Nikaita tena. Kimya. Mara ya tatu nikaenda jikoni nimeshapandwa na hasira, nikamkuta amesimama juu ya beseni, ananitazama kabisa usoni.

"We mama, masikio umeyaacha Kishapu?"

Hakujibu. Akainama, akaendelea kuosha. Baada ya muda, taratibu, kama vile sikusema kitu, akaniambia, "Mama Akida, sabuni imebaki kidogo."

Nikadhani ni kiziwi wa upande mmoja. Nikamtegea nyuma, nikaangusha mfuniko wa sufuria kubwa kwenye sakafu. Aliruka mpaka kitenge kikamfunguka. Basi anasikia. Na bubu siye, maana akianza mwenyewe anaongea vizuri, tena Kiswahili safi chenye lafudhi ya kwao. Ila umwite, umsalimie, umuulize, hupati kitu. Nikasema jamani, hii ni nini? Nilikesha kwa kuwaza jambo hilo kuliko nilivyokesha kwa ajili ya ndoa yangu.

Wateja hawakuwa na subira kama mimi. Vijana wa mashimoni wana fujo, lakini salamu wanaijua. "Shikamoo mama," naye anapita na sinia, kimya. Wengine wakasema anaringa. Wengine wakasema kakatazwa na mganga wake. Mzee Nkwabi, fundi baiskeli wa pale kona, aliacha kabisa kula kwangu. Akaniambia, "Mama Akida, chakula chako kitamu. Lakini siwezi kula mkononi mwa mtu asiyeitika salamu." Na akina mama wa bombani wakaanza kunong'onezana mambo ya uchawi, ya usiku na fisi. Huku kwetu minong'ono ya namna hiyo si ya kuchezea, watu wamekatwa mapanga kwa kidogo kuliko hicho. Niliwafuata pale pale bombani nikawapa za uso, lakini ukimnyamazisha mtu mdomo hujamnyamazisha moyo.

Kumfukuza sikumfukuza. Anapika dagaa wa nazi kunishinda mimi mswahili. Na niseme kweli, nilikuwa nimeshanogewa. Nilitaka kujua.

Mwaka huu mwezi wa nne binti yake, Lusia, akaja kutoka Shinyanga mjini. Ni fundi cherehani kule, mtoto mzuri, mpole. Amepata mchumba, Eliya, dereva wa bajaji, na wazazi wa Eliya watakwenda mwezi wa nane Kishapu, nyumbani kwa baba mkubwa wa Lusia, kupokelewa rasmi. Alikaa jikoni na mama yake, mimi nikakumbuka ghafla kwamba vitunguu vyangu vyote viko jikoni.

"Mama," Lusia alisema, "wakwe wakikusalimu usipoitika, mimi nitaficha wapi uso? Watasema wamedharauliwa, wataondoka. Shangazi Mageni amesema kama huwezi, atakaa yeye mahali pako."

Apolonia alikuwa anamenya ndizi. Kisu hakikusimama. Lusia akalia, akasubiri, akalia tena, mwishoni akabeba mkoba wake akawahi basi.

Jioni, tumeshafunga, Apolonia akaja akasimama mbele yangu. "Mama Akida, mtoto wangu wa pekee aliyebaki atawapokea wakwe na mama mwingine. Na huyo mwingine ni Mageni. Nifanyeje?"

Miaka mitatu, hakuwa ameniuliza chochote zaidi ya sabuni na chumvi. Hasira zangu zote ziliyeyuka. Nikamwambia, "Kesho Jumanne. Nina mahali nitakupeleka."

Mahali penyewe nilipajua kwa macho tu. Nyuma ya duka la dawa kuna chumba, na nje kibao: Ushauri wa kisaikolojia kwa watu wazima, Jumanne na Jumatano. Mshauri ni kijana anaitwa Abdulshakur, wa Shinyanga mjini, anakuja kila wiki na kulala gesti. Nilikuwa nimepapita mara mia nikijiuliza watu wanaingia mle kufanya nini, maana hawatoki na dawa wala bandeji. Nikamwandikisha Apolonia, nikaacha namba yangu, nikamkalisha kwenye benchi na wenzake, nikarudi kwenye masufuria. Saa moja baadaye akarudi. Nikamuuliza, "Vipi?" Najisumbua bure, si haitiki. Jumanne ya pili vile vile.

Siku ya Jumatano simu ikalia. "Shikamoo mama. Ndugu yako Apolonia hajafika mara mbili. Kama hataki, si vibaya, tumpe mwingine nafasi."

"Hajafika!" Nilipiga kelele mpaka wateja wakageuka. "Mimi nimemleta kwa mkono wangu huu!"

Nikavua aproni, nikamshika Apolonia, tukaenda. Njia nzima natukana. Nikamwacha kwenye benchi, nikaingia bila hodi. "Wewe kijana, siku hizi mnasoma nini huko vyuoni? Mtu kakaa kwenye benchi lako saa nzima, Jumanne mbili, halafu unasema hajafika?"

Abdulshakur akafungua daftari. "Mama, niliita. Nilisimama hapa mlangoni nikaita, Apolonia Mayala. Mara tatu. Hakuitika mtu, nikaita anayefuata."

Tukatazamana. Mimi ndiye niliyeanza kucheka, nisamehewe. Nimempeleka mtu asiyeitika mahali ambapo huhudumiwi mpaka uitike! Kijana hakucheka. Alishika kichwa, akasema, "Hilo ni kosa langu." Nilishangaa, maana sijawahi kumsikia mtu wa ofisi akisema hivyo.

Akatoka nje. Hakuita. Akaenda kwenye benchi, akakaa pembeni ya Apolonia, wote wakatazama ukuta wa duka la dawa. Akasema, "Mama, nataka tujue pamoja namna ya kuanza. Mle ndani, au hapa, au mahali pengine. Wewe unajijua kuliko mimi."

Kimya. Yeye akangoja. Nikamwambia usingoje, huyu haitiki, akaniinulia mkono kwa adabu. Alingoja muda ambao mimi ningeshaivisha wali. Kisha Apolonia akasema, "Hapa. Tusitazamane."

"Sawa," akasema kijana. Halafu akanigeukia. "Mama Akida, sasa tunaomba utuache."

Mimi! Niliyemleta!

Tangu siku ile, kila Jumanne, waliobaki wanahudumiwa chumbani na Apolonia anahudumiwa mwisho, kwenye benchi, watu wakishaondoka. Nilijaribu kila mbinu. Nikapeleka chai, kijana akaipokea mbali na benchi, akashukuru, akasimama pale pale mpaka nikaondoka. Nikamvizia gesti asubuhi.

"Unampa dawa gani?"

"Hakuna dawa, mama."

"Sasa saa nzima mnafanya nini?"

"Tunatafuta."

"Mnatafuta nini?"

"Bado hatujakijua. Tunatafuta wote wawili."

"Basi niambie alichosema."

"Muulize mwenyewe. Akitaka atakwambia."

Nikasema moyoni, huyu kijana wa watu hajui kazi. Mganga gani anatafuta ugonjwa pamoja na mgonjwa?

Lakini jioni moja, tunachambua mchele, Apolonia akaanza mwenyewe. "Leo kanifundisha kuvuta pumzi. Kuvuta ndefu, kushusha polepole. Nimemwambia hiyo sitaki."

"Umemkatalia?"

"Nimemwambia inanikumbusha pumzi ya mtu. Akasema basi, hiyo tunaitupa. Akaniuliza, mikono yako ikifanya nini ndiyo unatulia? Nikasema ikichambua mchele. Kasema wiki ijayo nije na ungo."

Wallahi alikwenda na ungo. Nilimwona kwa macho yangu, mama mzima na kijana wa chuo, kwenye benchi, ungo katikati, wanatoa mawe kwenye mchele wangu. Nilicheka, halafu nikagundua kwamba nasikia sauti ya Apolonia kutoka barabarani, anaongea mfululizo, na mara mbili kijana aliuliza kitu na yeye akajibu. Akajibu! Kicheko kikaniisha.

Wiki iliyofuata Apolonia akaja na kazi yangu. Walikuwa wameipanga wenyewe wawili na kuiandika kwenye karatasi, na yeye ndiye aliyechagua mimi niwe ndani yake. Kila siku nitamwita mara tano, siyo zaidi, na nisikasirike. Wiki ya kwanza ataitika kwa kugonga mwiko kwenye sufuria. Ya pili ataguna. Ya tatu ataona.

"Nisikasirike?" nikamuuliza. "Hiyo kazi yangu ni ngumu kuliko yako."

Akacheka. Sikujua kama ana mwanya.

Basi tukaanza. "Mama Lusia!" Ko, ko, mwiko. Wateja wakadhani ni mtindo mpya wa mgahawa. Wiki ya pili, "Mama Lusia!" na kutoka jikoni, "Mmh." Wiki ya tatu hakuna kitu, tukarudi kwenye mwiko, nikajiumauma midomo nisifoke. Wiki ya tano, mchana, kumejaa, nimemwita bila hata kukumbuka kuhesabu, nikasikia kwa sauti ndogo, "Abee." Nilimwaga mchuzi kwenye suruali ya mteja.

Hapo nikadhani tumemaliza. Mwezi wa saba umeingia, anaitika, atawaitika wakwe, kwisha. Kumbe kwangu anaitika, kwa wengine bado. Abdulshakur akampa wazo: kwa kuwa akianza mwenyewe anaweza kusema, kwa nini siku ile asiwawahi wakwe kwa salamu? Apolonia akamwambia haiwezekani. Kwao mama wa binti anakaa mkekani, anasalimiwa na wageni wamepiga magoti, ndipo anaitika. Akiwawahi, ni kama anawakimbiza. Kijana wa mjini hakulijua hilo. Akaliandika, akamshukuru kwa kumfundisha.

Wiki mbili kabla ya safari, Apolonia alinieleza yote. Tumekaa uani, ungo mapajani. Nayaeleza kwa kuwa baadaye alinipa ruhusa.

Mumewe, Mayala, alikwenda kwenye dhahabu na hakurudi. Sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wakamhesabia makosa: haji lindo, haji misibani, faini ya mbuzi hakutoa. Wakaitenga kaya. Kaya ni nani? Ni Apolonia na watoto wake wawili. Miezi saba hakuna mtu wa kumsalimia, wa kumpa moto, wa kuteka naye maji. Yeye aliendelea kusalimia kila asubuhi. "Mwangaluka." Wanapita. "Mwangaluka." Wanapita. Hata Mageni, wifi yake, dada wa mumewe, ambaye mji wake, yaani nyumba na uwanja, unapakana na wao kabisa, alipita akitazama chini.

Ulikuwa msimu wa kuchuma pamba. Enock, mtoto wake wa pili, wa miaka miwili, akashikwa na degedege saa tisa mchana. Lusia yuko shule. Huko kwao mtu akipiga yowe hata adui anakuja mbio, ndiyo sheria. Watu walikuwa shambani, karibu, anawaona mabega juu ya pamba. Hakuja mtu. Akambeba, akakimbia, na njiani mtoto akakata pumzi.

"Tangu siku ile," akasema, "mtu akiniita, kinaziba hapa." Akashika koo.

Nikasema, "Wameua mtoto."

"Sijui," akasema. "Ndicho tunachokitafuta na Abdulshakur. Mimi nakumbuka nimefungua mdomo. Sikumbuki sauti. Miaka tisa najiuliza, Mama Akida. Labda sikupiga yowe. Labda niliona aibu kuwaita watu wasionisalimia. Labda nilinong'ona tu, na wao hawakusikia, na mtoto kafa kwa ajili ya mdomo wangu."

"Kijana kasemaje?"

"Nilitaka aniambie kwamba nilipiga. Akakataa. Kasema, mama, mimi sikuwepo, nikikwambia ulipiga nitakuwa nakufurahisha tu. Akaniuliza, waliokuwepo ni nani?"

Nilimkasirikia kijana yule usiku mzima. Neno moja tu, lingemgharimu nini? Asubuhi ilipofika nilikuwa nimeanza kumwelewa, kwa shida.

Tulikwenda wote wawili, kwa basi hadi Kahama, na Shinyanga, na bodaboda hadi kijijini. Mji wa baba mkubwa umefagiliwa, akina mama wamejaa. Kila mtu alimtazama Apolonia na hakuna aliyemsogelea. Mageni alikuwa tayari amevaa kitenge kipya, amesimama karibu na mkeka wa mama. Mnene, mwenye sauti, tungeweza kuwa marafiki katika maisha mengine. Apolonia akapita mbele yake, akakaa mkekani, akaomba ungo. Akaweka mchele. Mikono ikaanza kazi.

Wakwe wakaja na vigelegele. Mama yake Eliya akapiga magoti, akasalimia kwa Kisukuma. "Mwadila."

Kimya. Vidole vya Apolonia vinatembea kwenye mchele. Lusia mlangoni kashika fremu, hana damu usoni. Mageni akavuta pumzi ya kutaka kusema, na mimi nikamkanyaga mguu, kwa makusudi kabisa, na kwa uzito wangu wote.

"Mwadila," akasema Apolonia. Si kwa sauti kubwa, lakini mkwe alisikia, akainua uso akitabasamu. Akaulizwa hali, "Mhola?" Akajibu, "Mhola." Na wa pili, na wa tatu, mpaka wale wazee wa kiume nyuma. Akawaitikia wote. Mimi nilikuwa nalia na kamasi, sina aibu. Akakaa mahali pake mpaka shughuli ya kupokea ikaisha.

Ningetosheka na hapo. Yeye hakutosheka. Watu walipoanza kula, akanyanyuka akaingia jikoni, nami nikamfuata. Mageni alikuwa peke yake, anakwangua ukoko wa ugali kwenye sufuria. Alipomwona akasema kwa haraka, "Wifi, mwadila."

"Mwadila," akaitika Apolonia. Kisha akamuuliza, kwa sauti ile ile ya kuomba sabuni, "Wifi, siku ya Enock, nilipiga yowe?"

Mageni akaendelea kukwangua. Nikaona mkono wake unapungua mwendo, unapungua, ukasimama.

"Mbona unauliza hivyo?"

"Sikumbuki. Nataka kujua tu. Labda hamkusikia."

Nilimwona Mageni akiutazama mlango. Ungemtosha uongo mdogo, na amewekewa mkononi. Aseme tu hatukusikia, wifi, upepo ulikuwa mkali. Akaweka mwiko chini. Akakaa kwenye kigoda, yule mwanamke mnene.

"Ulipiga," akasema. "Ulipiga mpaka ng'ombe wakasimama malishoni. Ulituita kwa majina. Mimi ulinitaja mara mbili. Nilikuwa na pamba mkononi. Tulisikia wote, wifi. Tukatazamana, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza."

Mungu anisamehe, mkono wangu ulikuwa umeshanyanyuka kumpiga. Apolonia akaushika bila kunitazama. Alikuwa anamtazama Mageni, na machozi yanamtiririka, lakini uso wake sikuwahi kuuona umelegea vile, tangu nimjue.

"Kwa majina?" akauliza.

"Kwa majina."

Akanigeukia, bado kanishika mkono.

"Umesikia, Mama Akida? Niliita."

Nikamwambia nimesikia.